Stranger Things kwa Kihindi si ushetani wala si kichekesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nijibu makala iliyotoka katika kurasa za burudani za gazeti lako, ambamo mwandishi aliitaja tamthilia ya Kimarekani ya Stranger Things kuwa ni ushetani unaoingizwa sebuleni mwetu, kisha akaongeza kwamba vijana wanaoitazama ikiwa imeingizwa sauti za Kihindi wanapoteza muda mara mbili, kwa kuwa hofu ya Mmarekani ikisemwa na Mhindi hugeuka kuwa kichekesho. Hayo ni madai mawili, lakini naona mzizi wake ni mmoja: mwandishi amelitazama zimwi na hakuwasikiliza watu. Mimi nilisoma Pune, katika jimbo la Maharashtra nchini India, na tamthilia hiyo niliitazama kwa Kihindi pamoja na wenzangu wa nyumba tuliyopanga, waliotoka Bihar na Madhya Pradesh, ambao kwao Kiingereza kilikuwa lugha ya darasani na Kihindi kilikuwa lugha ya kulia chakula, kugombana na kuogopa. Sikuwaona wakicheka.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona, tamthilia hii ilibuniwa na ndugu mapacha, Matt na Ross Duffer. Netflix ilianza kuionyesha Julai 2016, na sehemu ya mwisho ikatoka kuamkia mwaka 2026, baada ya misimu mitano na sehemu 42. Hadithi inaanza Novemba 1983 katika mji mdogo wa kubuni uitwao Hawkins, jimboni Indiana. Mtoto mmoja, Will Byers, anaagana na rafiki zake usiku, anapanda baiskeli kurudi kwao, na hafiki. Karibu na mji huo ipo maabara ya serikali ambamo msichana aliyepewa namba badala ya jina amelelewa kama kifaa cha majaribio. Uwezo wake wa ajabu umetumiwa na wakubwa wake hadi ukatoboka mpaka kati ya ulimwengu huu na upande wa pili, wenye giza na ukungu, na wenye kiumbe kinachovutwa na harufu ya damu. Hilo ndilo zimwi. Mtu akiishia hapo, namwelewa akisema alivyosema mwandishi wetu.

Lakini sehemu kubwa ya msimu wa kwanza haihusu zimwi. Inamhusu Joyce, mama yake Will, mfanyakazi wa dukani aliyeachana na mumewe, ambaye anasikia pumzi za mwanawe katika simu na kuambiwa kwamba amechanganyikiwa. Anaona taa za nyumbani zikiwaka na kuzimika kama zinazosema kitu, ananunua taa za Krismasi na kuzitundika nyumba nzima, anachora alfabeti ukutani kwa rangi ili mtoto amjibu herufi kwa herufi, na watu wanamtazama kwa ile huruma inayouma kuliko tusi. Maiti bandia inaopolewa kutoka katika maji ya machimbo ya mawe, mazishi yanafanyika, na kila mtu anataka mama huyo akubali kwamba mwanawe amekufa ili mji upate kulala. Mkuu wa polisi, Hopper, ambaye mwenyewe alimzika binti yake mdogo, anausadiki ukweli siku anapoichana ile maiti kwa kisu na kukuta imejazwa pamba. Kwa maoni yangu hofu kuu ya tamthilia hii imo humo: mtu kusema kweli na kukosa wa kumwamini. Kiumbe cha upande wa pili kinakuja kuthibitisha tu kwamba mama alikuwa na akili timamu.

Wala maabara hiyo haikutungwa kutoka hewani. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilianzisha mwaka 1953 mradi wa siri ulioitwa MKUltra, ambamo watu, wengine bila hata kujua, walipewa dawa za kulewesha akili ili ichunguzwe namna ya kuitawala, na habari zake zikafichuliwa mbele ya umma mwaka 1975 katika uchunguzi wa kamati ya Baraza la Seneti. Tamthilia inautaja mradi huo kwa jina, na mama mzazi wa yule msichana ni mmoja wa waliofanyiwa majaribio. Mtu anaweza kuilaumu kwa mengi (msimu wa tatu, pamoja na Warusi wake waliojificha chini ya jengo la maduka, mimi ulinichosha), lakini kuiita ushetani ni kuipa CIA msamaha ambao watunzi wenyewe hawakuutoa.

Sasa nije kwenye Kihindi. Mwandishi amezungumza kana kwamba lugha hiyo ilikuwa inasubiri Netflix iifundishe kuogopa. Ukweli ni kwamba televisheni ya Kihindi ina ukoo mrefu wa vitisho. Mwaka 1985 Doordarshan, televisheni ya taifa, ilionyesha Vikram aur Betaal ya Ramanand Sagar, ambamo mfalme hubeba begani maiti iliyoingiwa na pepo, na pepo huyo humsimulia kisa baada ya kisa kinachoishia kwenye fumbo. Visa vyenyewe vimo katika mkusanyo wa Kisanskriti wa karne ya 11. Zee TV ilipoanza Oktoba 1992, haukupita muda ndugu wa ukoo wa Ramsay, waliokwisha kujipatia jina kwa filamu za kutisha za bei nafuu, wakaanzisha The Zee Horror Show mwaka 1993. Sony ikafuata na Aahat ya B. P. Singh mwaka 1995. Na mwaka 1998, Zee hiyo hiyo ikaonyesha Woh, tamthilia ya watoto wanaoandamwa na kiumbe chenye sura ya mchekeshaji, iliyochotwa katika riwaya ya Stephen King, mwandishi yule yule ambaye ndugu Duffer hawafichi deni lao kwake. Basi watoto wa Hawkins walipofika India wakisema Kihindi, walikuta mkeka umekwisha kutandikwa.

Jambo lililowashangaza wenzangu lilikuwa lingine kabisa. Katika vitisho vya akina Ramsay, uovu mara nyingi huanzia kwenye laana ya mababu au mchawi aliyeuawa zamani, na mwisho wake huletwa na kitu kitakatifu: trishula, ule mkuki wa ncha tatu wa mungu Shiva, mantra, yaani maneno matakatifu yanayokaririwa, au mtu wa dini anayejua la kufanya. Mtazamaji aliyelelewa na hadithi hizo husubiri tantrik, mtaalamu wa mantra na mizimu, atokee, kama sisi tunavyomsubiri mganga au shehe katika filamu zetu na mchungaji katika filamu za Kinijeria. Huko Hawkins hatokei mtu wa namna hiyo. Anatokea mwalimu wa sayansi, Bwana Clarke, ambaye katika hafla ya baada ya mazishi anachukua sahani ya karatasi, anaikunja na kuitoboa kwa kalamu ili kuwaonyesha watoto jinsi pande mbili zilizotengana zinavyoweza kukutana. Mwenzangu mmoja, ambaye bibi yake alikuwa akimfunga uzi mweusi wa kinga mkononi kila alipoondoka kijijini, alinyamaza kwa muda mrefu baada ya kipande hicho. Kwa Kiingereza ni darasa dogo la fizikia. Kwa Kihindi, mbele ya mtazamaji aliyekuwa anamsubiri tantrik, kipande hicho hicho kinakuwa karibu na ubishi.

Na katika mji wa Pune ubishi huo si wa mchezo. Ni humo ambamo daktari Narendra Dabholkar, aliyetumia miaka mingi kupambana na waganga wa uongo na kuanzisha kamati ya kufuta ushirikina Maharashtra, alipigwa risasi na kuuawa asubuhi ya tarehe 20 Agosti 2013 akiwa katika matembezi yake ya kawaida. Sheria ya jimbo dhidi ya ushirikina na uchawi, ambayo aliidai kwa miaka mingi bila mafanikio, ilipitishwa kabla ya mwaka huo kwisha. Katika mazingira hayo watu walikwisha kuuliza, kwa uzito kuliko makala yetu, kama vitisho vya televisheni vinaulisha ushirikina. Ni swali halali. Jibu langu ni kwamba inategemea hadithi inampa nani lawama. Hadithi inayomwonyesha mwanamke mzee wa kijiji kuwa ndiye chanzo cha maafa inaongeza kuni katika moto ambao umekwisha kuwaunguza wanawake wengi Bihar na Jharkhand, na pia Shinyanga na Mwanza. Hadithi inayomwonyesha ofisa mwenye koti jeupe akitia saini karatasi inaelekeza macho kwingine.

Tena, mwandishi angevumilia hadi msimu wa nne, uliotoka mwaka 2022, angejikuta yumo ndani. Vijana wanaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kubuni mashujaa na madubwana, wanashukiwa na wazazi na wachezaji wa mpira wa kikapu kuwa waabudu shetani; kijana mmoja mwenye nywele ndefu, Eddie Munson, anawindwa mji mzima kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Hilo nalo lina historia. Katika miaka ya 1980 Wamarekani wengi waliamini kweli kwamba mchezo huo unawapeleka watoto kwa shetani, na kule California wenye shule ya watoto wadogo ya McMartin na walimu wao walihangaishwa kwa miaka saba kwa tuhuma zilizochanganywa na habari za ibada za kishetani, hadi kesi ikaisha mwaka 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Sisi wa pwani tunaokumbuka Popobawa wa mwaka 1995, jinsi watu wazima Pemba na Unguja walivyolala nje kwa makundi na jinsi kila mgeni alivyotazamwa, hatuhitaji kufafanuliwa na mtu jinsi hofu inavyotafuta wa kumbebesha. Msimu wa nne unasimulia habari hiyo hasa, na nilipousikia kwa Kihindi niliona unaihusu India na Zanzibar kuliko unavyoihusu Indiana ya leo.

Nimalize upande wa dhamira kwa kukiri kwamba mwandishi ana hoja juu ya umri. Si tamthilia ya watoto, ingawa watoto ndio wanaoigiza. India imeweka utaratibu tangu Februari 2021 kwamba majukwaa ya filamu mtandaoni yaonyeshe daraja la umri kwa kila kazi, na mzazi anayeacha rimoti mikononi mwa mtoto wa miaka saba asimlaumu Mmarekani wala Mhindi.

Kuhusu sauti zenyewe, naomba niende taratibu, kwa sababu hapa ndipo dharau ya makala ilipokuwa kubwa na ujuzi wake ukawa mdogo. Kuingiza sauti ni kazi ambayo India imeifanya kwa wingi tangu filamu ya Jurassic Park ilipotolewa kwa Kihindi mwaka 1994 na kuwaonyesha wafanyabiashara wa Marekani kwamba watazamaji wasiojua Kiingereza wanaweza kujaza kumbi. Mtayarishaji hupeleka studio, Mumbai kwa kawaida, mkondo wa muziki na milio peke yake, ukiwa umeondolewa maneno. Mtafsiri huandika mazungumzo akitazama midomo, ili pale mwigizaji anapofunga midomo kwa sauti ya b, p au m, Kihindi nacho kiifunge karibu na hapo. Kisha kila mwigizaji wa sauti huingia chumbani, mara nyingi akiwa peke yake, na kusema mstari kwa mstari huku akiwasikia wenzake katika vipokea sauti vya masikioni tu. Muziki wa vinanda vya umeme uliotungwa na Kyle Dixon na Michael Stein hubaki ulivyo. Mlio wa dubwana hubaki. Kinachobadilika ni koo la binadamu. Na katika hadithi ya kutisha, koo la binadamu ndilo linalotuambia tuogope lini.

Chukua ile alfabeti ya ukutani. Herufi ni za Kilatini na mtafsiri hawezi kuzifuta ukutani na kuandika Devanagari, herufi za Kihindi. Taa ya kwanza inawaka, ya pili, ya tatu, na neno la Kiingereza la kumwambia mama akimbie linakamilika mbele ya macho yetu. Mtazamaji wa mjini India husoma herufi hizo bila taabu. Asiyezisoma anategemea sauti ya mama peke yake, namna inavyoshikwa na tumaini na kisha kukauka. Hapo mwigizaji wa sauti hana tafsiri ya kumsaidia. Akilia mapema, kipande kimekufa. Akichelewa, zimwi limekwisha kutoka ukutani.

Au mchukue Dustin, mwenye kofia na kithembe. Gaten Matarazzo anayemwigiza ana hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri mifupa ya mabega na uotaji wa meno, na tamthilia haikuificha: wababe wa shule wanamcheka kwa kukosa meno, naye mwenyewe anaitaja hali hiyo kwa jina lake la kitaalamu ili kujitetea. Studio inayompa Dustin sauti safi isiyo na dosari inakuwa imewapa wababe haki, kwa maana mtazamaji anaona mtoto anachekwa kwa jambo ambalo masikio yake hayalisikii. Na ugumu unaongezeka kwa desturi ya studio nyingi duniani ya kuwatumia wanawake wazima kusema sauti za wavulana. Inaweza kukubalika katika msimu wa kwanza. Lakini watoto hawa walikua mbele ya kamera kwa miaka karibu kumi, sauti zikavunjika, na anayewasemea hana budi kubadilishwa bila mtazamaji kuhisi kwamba rafiki yake ameondoka na kuletewa mgeni.

Kihindi kina mzigo mwingine ambao Kiingereza hakina. Kina nafsi ya pili ya ngazi tatu, *tu*, *tum* na *aap*, kuanzia ya karibu sana au ya dharau hadi ya heshima, na mtafsiri hawezi kukaa katikati. Lazima aamue Hopper anamwita vipi yule msichana siku anapomkuta porini na anamwita vipi anapokuwa amekwisha kumfanya mwanawe. Lazima aamue kama Joyce, akigombana na Hopper, anapanda ngazi au anashuka. Uamuzi huo unaeleza mapenzi yao kuliko maneno ya asili yalivyoeleza. Yupo pia yule mkuu wa maabara, daktari Brenner, ambaye msichana humwita Papa. Kwa masikio ya Mmarekani wa miaka ya 1980 hilo ni jina la kizamani kidogo, lenye baridi. Katika nyumba za Kihindi ndilo jina la baba la kila siku, linaloitwa mlangoni anaporudi kutoka kazini. Sijui kipande kinachotisha zaidi katika misimu yote mitano kuliko mtoto anayeburutwa kwenye korido huku akimwita anayemfungia kwa jina hilo.

Sarufi nayo ina sehemu yake. Hadithi za kutisha zimejaa sentensi zinazokatwa katikati: simu inakatika, mtu anavutwa, taa inazimika. Kihindi huweka kitenzi mwishoni, kwa hiyo sentensi ikikatwa, msikilizaji amekwisha kupata nani na nini na wapi, lakini hajapata kilichotendeka. Mtafsiri hodari huigeuza sheria hiyo kuwa mtego. Sisi hali yetu ni kinyume, na nitairudia, kwa sababu katika Kiswahili silabi chache za kitenzi zimekwisha kufichua mtendaji, wakati na tendo.

Mtihani mkubwa kuliko yote ni wa msimu wa nne. Jamie Campbell Bower anaigiza mhudumu mpole wa maabara na anaigiza pia Vecna, kiumbe chenye sauti nzito kinachowaua vijana kwa kuwakumbusha majonzi yao, na kwamba wawili hao ni mtu mmoja inajulikana katika sehemu ya saba tu. Studio ikimpa kila mmoja mwigizaji wake wa sauti, siri inapofichuka mtazamaji anahisi ameibiwa. Ikimtumia mmoja asiyeweza kubadilisha koo, siri inavuja sehemu tatu kabla. Katika msimu huo huo, Max, msichana anayeomboleza kaka yake wa kambo, anaokolewa na wimbo wa Kate Bush wa mwaka 1985, ambao ulipanda tena hadi nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 2022 kwa sababu ya kipande hicho. Wimbo ni wa Kiingereza hata katika toleo la Kihindi, na ni sawa. Kinachomwokoa ni kumbukumbu za watu anaowapenda ambazo wimbo huo unaziamsha, na hilo mtazamaji wa Patna analijua kwa nyimbo zake mwenyewe.

Je, toleo la Kihindi halina kasoro? Linazo, na ni za kazi nzima ya kuingiza sauti, si za Wahindi peke yao. Sauti za studio ni safi mno na ziko karibu mno na kipaza sauti, hata mtu aliye upande wa pili wa ukuta anasikika kama yuko kwenye kochi lako. Mnong'ono ukisafishwa hivyo unakuwa tangazo. Pumzi, ambayo kwa Joyce ndiyo ushahidi wake wa kwanza, ni rahisi kupotea, kwa kuwa kazi ya mtafsiri ni maneno na pumzi si neno. Pia nahisi watayarishaji wana woga wa ukimya: pale mwigizaji wa asili anapogeuza uso na kunyamaza, kuna kishawishi cha kumwekea neno mgongoni kwa sababu midomo yake haionekani. Haya ningependa mwandishi wetu angeyasema, kwa sababu angekuwa amesikiliza.

Nayaeleza katika gazeti la Kiswahili kwa sababu jambo hili si la mbali na sisi. Mwaka 2011 TBC ilituonyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake kwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo tamthilia za Kichina, Kihindi na Kituruki zinazosema Kiswahili zimekuwa chakula cha jioni katika nyumba nyingi. Kabla ya hapo vibanda vya video vya Dar es Salaam vilikuwa na Lufufu, na Kenya ina DJ Afro, mabingwa wa kusimulia juu ya picha, ambao ufundi wao ni kujaza kila nafasi kwa maneno. Nawaheshimu, kwa filamu za ngumi na za mapenzi hakuna anayewafikia. Lakini tamthilia ya mama mkwe inavumilia kelele kwa sababu mama mkwe mwenyewe hanyamazi. Hadithi ya kutisha haivumilii. Siku kituo chetu kitakapochukua tamthilia ya namna hii, na sina shaka siku hiyo inakuja, watafsiri wetu watakuta kwamba "Ananivuta" imekwisha kusema kila kitu kabla mkono haujaonekana, na itawabidi waamue ni silabi ngapi za kumwachia mtu kabla simu haijakatika. Wahindi wamekwisha kukosea na kusahihisha mara nyingi katika kazi hiyo. Ni nafuu kujifunza kwao kuliko kuwacheka.

Nina ombi moja kwako, Ndugu Mhariri. Sehemu ikiisha, baada ya orodha ndefu ya Wamarekani, Netflix huonyesha majina ya waliosema sauti za lugha uliyoichagua, ila mtambo hukurusha sehemu inayofuata kabla hujayafikia usipouzuia. Mkaguzi wako atakapoandika tena juu ya kazi iliyoingizwa sauti, iwe ya Kihindi au ya Kiswahili, naomba mumtake ayasubiri majina hayo, ayaandike pamoja na la mtafsiri, na aseme nani alifanya vizuri na nani alivuruga, kama anavyofanya kwa waigizaji ambao sura zao anaziona.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wako, Tanga